Siku Ishirini na Sita Nilizoongeza

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari mitatu tu. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa kwenye benchi la hospitali kubwa Nairobi, mama akiwa ndani ya chumba chenye mlango mzito, na niliisoma tena mara nyingi baadaye nikitafuta jambo ambalo halikuwemo. Mstari wa kwanza ulisema alale peke yake. Wa pili ulisema awe na sahani na kikombe chake, na maji mengi yamwagwe chooni kila anapotoka. Wa tatu ulisema akae mbali na watoto wachanga na wanawake wajawazito kwa siku kumi na nne. Hesabu hiyo iliandikwa kwa maneno ya Kiingereza, si kwa tarakimu. Nalitaja hilo kwa sababu mama hakusoma shule, lakini tarakimu anazijua. Amepima mchele sokoni maisha yake yote. Kama daktari aliyenipa angeandika moja na nne, nisingeweza kufanya nilichofanya.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, nami nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Shule niliiacha kidato cha pili, wakati mvua za El Nino zilipoifunga barabara na darasa letu likalala majini. Maji yalipokauka wenzangu walirudi, mimi sikurudi. Nilikuwa na sanduku la vitabu tulilorithi kwa mwalimu mmoja wa kujitolea alipoondoka Garsen: kitabu cha kemia kisicho na jalada, cha fizikia kilichokosa sura mbili za mwisho, na rundo la majarida ya sayansi yaliyoliwa na mchwa pembeni. Nilijifundisha humo, peke yangu, kwa kamusi. Nilijua kwamba kuna wanakemia wanaojenga dawa kipande kwa kipande kama fundi anavyojenga nyumba. Nilijua kwamba ng'ambo mtu aliyeng'oka jino huwekewa skrubu ya titani tayani, na mfupa ukaizunguka na kuikubali kana kwamba ilizaliwa pale. Na nilijua kwamba kwenye vinu vya nyuklia hutengenezwa iodini inayotoa miale, na kwamba tezi ya shingoni ina tamaa ya iodini, hivyo huila bila kuchagua na kuunguzwa nayo kutoka ndani. Yote hayo niliyanakili kwenye daftari kwa hati safi. Nikikosea neno moja nilichana ukurasa na kuanza upya. Wakati mwingine nilichana mpaka jioni.

Sikudhani kwamba moja ya habari hizo ingeingia shingoni mwa mama yangu.

Mama alikuwa na rovu tangu nikiwa mdogo, uvimbe laini chini ya kidevu ambao hakuna aliyeujali. Mwaka ule ulianza kumla. Alikonda, macho yakamtoka, moyo ukamwenda mbio hata akiwa amekaa, na mikono ikamtetemeka hivi kwamba kikombe cha chai kilimfikia mdomoni kikiwa nusu. Daktari wa zahanati ya Garsen aliandika barua, na mimi nikamsindikiza Nairobi kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba.

Siku ya dawa niliangalia kupitia kidirisha. Mhudumu aliingia na chombo kizito cha madini ya risasi, akafungua kifuniko kwa koleo refu, akamwonyesha mama mrija, kisha akarudi nyuma ya ukuta mfupi. Mama alivuta mara tatu, basi.

"Ni maji tu," aliniambia alipotoka. "Hata chumvi hayana. Lakini yule kijana aliruka nyuma kama amenipa nyoka nimshike."

Kabla mama hajatoka, daktari alikuwa amenipa karatasi na kuniuliza kama nina swali. Nilikuwa nayo kumi. Nilikuwa nimeyapanga kichwani tangu Mombasa, kwa Kiingereza, na nilipofungua mdomo niligundua kwamba swali la kwanza sikujua kama lilikuwa na kosa. Nikasema sina. Hilo nalo ni langu, si la mtu mwingine.

Malindi tulikaa kwenye kibaraza cha duka kusubiri magari yakusanyike, maana siku zile hakuna basi lililoingia njia ya Garsen bila askari. Mwanamke mmoja mwenye mtoto wa miezi michache alimwangalia mama, akaona mtu mzima mwenye uso wa huruma, akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angefanya.

"Mama, nishikie huyu nikanunue maji."

Kabla sijapata neno, mtoto alikuwa mapajani. Nilimnyakua kwa nguvu hata akalia.

"Kuna nini?" mwanamke akauliza.

"Mama ni mgonjwa. Kifua. Kifua kikuu."

Alimchukua mwanawe na kwenda kukaa upande wa pili wa barabara, juani. Mama akasema, "Nimekuja huku na rovu, narudi na kifua kikuu."

"Nilikosa la kusema, mama."

"Ungesema nina mafua."

Alicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nahesabu ni sekunde ngapi yule mtoto alikaa pale.

Kwetu ni Wema, karibu na mto, mwendo mfupi kutoka Garsen. Dada yangu mkubwa alikuwa tayari ameshafika kutoka kwa mumewe, tumbo likiwa mbele yake kama mtungi. Mimba ya kwanza huja kuzaliwa kwa mama wa binti. Hilo halina mjadala kwetu. Mama ndiye anayemshika binti mgongo, ndiye anayemwogesha mtoto, ndiye anayemfundisha mwanawe kunyonyesha. Dada alikuwa ameogopa mimba ile tangu mwanzo, na kila alipoogopa alisema jambo moja tu: "Mama atakuwepo."

Usiku wa kuamkia siku ya kufika nyumbani, kwenye chumba cha wageni Malindi, nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu. Kitabu changu cha fizikia kilisema iodini ile hupungua nusu kila siku nane. Siku nane, nusu. Siku kumi na sita, robo. Kwa hiyo siku ya kumi na nne, ile ambayo karatasi ilisema inatosha, ndani ya mama kungekuwa kumebaki karibu theluthi ya kile alichokunywa. Theluthi! Nilirudia mara nne. Nilimwona mama amempakata mtoto wa siku moja, theluthi ile ikimpiga kutoka shingoni, moja kwa moja kwenye fuvu ambalo bado halijafunga. Nilijiambia daktari amechoka, wagonjwa ni wengi, ameandika kwa mazoea. Nilijiambia mimi ndiye niliyekaa na kuhesabu.

Nilitaka kusema themanini. Siku themanini ni nusu mara kumi, hubaki kitu kisichofika hata moja ya elfu. Lakini nilijua themanini ingeulizwa. Nani kwetu amewahi kusikia themanini? Arobaini haingeulizwa. Arobaini kila mtu anayo tayari: mzazi hukaa ndani arobaini, msiba una arobaini yake, jirani zetu Waorma wanaijua na sisi wa kanisani tunaijua. Nusu mara tano ni arobaini kamili, hubaki moja ya thelathini na mbili. Hesabu yangu na desturi zilikutana, na niliona kama ishara kwamba sijakosea.

Basi nilisimama uani nikaifungua karatasi mbele yao. Mama, dada, na shangazi yetu, dada yake baba, ambaye ndiye mkunga wa upande ule. Nilisoma mstari wa kwanza sawasawa. Nikasoma wa pili sawasawa. Nikasoma wa tatu.

"Akae mbali na wajawazito na watoto kwa siku arobaini."

"Kumbe hata Nairobi wanaijua arobaini!" shangazi akasema. "Mimi nilidhani wanajua sindano tu."

Dada hakucheka. "Arobaini? Mimi sitafika arobaini. Si nitazaa kabla?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema.

Mama alinitazama. Mimi ni mtu ambaye hata mchele nauchambua punje kwa punje, na yeye hunitania kwamba wali wangu huiva watu wakiwa wamelala. Aliniangalia hivyo, kwa kuniamini, kisha akamwambia dada, "Kama ndivyo ilivyoandikwa, tutafanyaje? Nitakaa kibandani."

Kibanda kilikuwa mwisho wa uwanja wetu, kando ya shamba la mpunga, mahali mama alipozoea kukaa akifukuza ndege. Nilipima kwa kamba kutoka mlango wa nyumba: hatua hamsini na mbili. Kitabu kilisema umbali ukiongezeka mara mbili, miale hupungua mara nne. Nilichomeka vijiti viwili mbele ya kibanda nikafunga kamba katikati, nikasema huo ndio mpaka. Nilichimba choo kipya mbali na mto, kirefu kuliko kilivyohitajika, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilifunga uzi mwekundu kwenye sahani yake na kikombe chake. Chakula nilikiweka juu ya kigogo kwenye kamba, nikarudi nyuma, naye akaja kukichukua.

Watoto wa jirani walianza kuja jioni kuona kama mama anawaka. Mmoja aliapa ameona shingo yake ikitoa mwanga wa kijani. Mama aliwaita, "Njooni na vitabu vyenu basi, msome hapa, muache kumaliza mafuta ya taa!" Nami nikawafukuza kwa fimbo.

Mwanamke wa Kiorma aliyetuletea maziwa alishangaa kuona mama amekaa peke yake.

"Mama iko na nini?"

"Yuko kwenye arobaini," shangazi akamjibu.

"Arobaini? Nani amezaa, mama ama msichana?" Akacheka mpaka kibuyu kikamtikisika begani. Kisha akaenda mpaka kwenye kamba, akasimama hapo, akamsalimia mama kwa muda mrefu, habari ya shingo, habari ya mikono, habari ya usingizi, na tangu siku hiyo alileta kibuyu kidogo cha peke yake kwa ajili ya mama. Hakutaka kurudishiwa kibuyu hicho. Ningetaka kuwa mtu wa aina hiyo, anayeona mpaka na kujua la kufanya nao.

Siku ya kumi na nne niliamka kabla ya wote. Nilikaa kitandani nimeshika karatasi. Nilijiambia leo ningeweza kusema. Ningeweza kusema nilisoma vibaya, Kiingereza kigumu. Lakini nilipofika pale, theluthi ilinijia tena, na nikaikunja karatasi, nikaiweka katikati ya daftari, nikafunga daftari kwa mfuko wa nailoni. Nilipika uji. Mama aliuliza kutoka kwenye kamba, "Leo ya ngapi?"

"Kumi na nne, mama."

"Bado nyingi."

"Bado nyingi," nikasema.

Dada alishikwa na uchungu asubuhi ya siku ya kumi na sita. Shangazi alisema itakuwa kabla ya jua kupanda, lakini jua lilipanda, likakaa juu ya paa, na mtoto hakuja. Dada aliacha kulia kwa maneno, akawa analia kwa sauti tu, kisha katikati ya sauti hiyo akaanza kuita mama. Si kwa nguvu. Kama mtu aliyepoteza kitu karibu yake.

Mama alikuwa amesimama kwenye kamba. Hakuivuka. Nataka hilo lijulikane: hakuna aliyemshika, kamba yenyewe ilimfika magotini, na hakuivuka.

"Wifi! Amelala chali?" alipiga kelele.

"Amelala chali, ndiyo!" shangazi akajibu kutoka ndani.

"Mwinue! Apige magoti, ashike kitanda!"

"Wifi, mimi nimezalisha nusu ya kijiji hiki, kaa na taa yako huko!"

"Umezalisha, lakini huyu ni wangu! Mwinue!"

Shangazi alimwinua. Mimi nilikuwa mlangoni, naenda ndani, narudi nje, nabeba maneno ya mama ambayo yalikuwa yameshasikika bila mimi. Dada alinishika kanga, akanivuta, uso wake ukiwa na jasho mpaka kope.

"Mwite," akasema. "Mwite aje, arobaini nitailipa mimi."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nikamwambia, "Vumilia kidogo."

Mtoto alizaliwa mchana. Alikaa kimya muda ambao hata sasa sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, shangazi akimsugua mgongo na kumwita majina ya ovyo, kisha akalia. Nilitazama nje. Mama alikuwa amekaa chini, pale pale kwenye kamba, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

"Ni nani?" akauliza.

"Wa kiume!" shangazi akasema.

"Mleteni mlangoni nimwone."

Shangazi alimleta mlangoni na kumwinua juani. Hatua hamsini na mbili. Kwa umbali ule mama aliona kitu chekundu kikichezesha miguu. Akapiga vigelegele peke yake kule kibandani, vigelegele vyenye sauti inayotetemeka kwa ugonjwa, na majirani wakajibu.

Shangazi aliondoka baada ya siku mbili, alikuwa na mwanamke mwingine wa kuzalisha ng'ambo ya mto. Nikabaki mimi, dada na mtoto. Nilimwogesha kama nilivyosoma, maji nikiyapima kwa kiwiko. Nilikata kucha zangu mpaka zikatoa damu nisimkwaruze. Lakini kitabu cha kemia hakisemi mtoto anashikwaje ili anyonye. Alikamata chuchu kwa ncha, akaiachia, akalia, akachoka, akalala. Matiti ya dada yalijaa yakawa magumu kama mawe na chuchu zikapasuka. Mama alipiga kelele za maelekezo kutoka kwenye kamba, mwinamishe, mvute kwako, lakini mambo mengine hayaelezeki kwa sauti. Siku ya sita mtoto alikuwa na macho ya njano, hakulia tena kwa njaa. Alikuwa amenyamaza tu, na kunyamaza kule ndiko kulikoniogopesha.

Tulimpeleka zahanati ya Garsen. Daktari yule aliyeandika barua ya mama alimvua mtoto nguo, akambonyeza ngozi, akamwangalia mdomo, akamkamua dada kidogo.

"Maziwa yapo," akasema. "Mtoto hana ugonjwa, ana njaa. Akinyonya vizuri na kuota jua la asubuhi, hiyo njano itaondoka. Mnamshika vibaya tu. Bibi yake hajawaonyesha?"

"Bibi yuko kwenye arobaini," dada akasema.

"Arobaini ya nini? Si wewe uliyezaa?"

"Ya dawa. Ile ya Nairobi."

Daktari alinigeukia. "Dawa ya iodini? Walisema arobaini? Karatasi iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ningeweza kusema imebaki nyumbani. Nilitoa daftari, nikafungua mfuko wa nailoni. Aliisoma kwa kupita tu, kama watu wanavyosoma kitu ambacho hakina siri.

"Hapa pameandikwa siku kumi na nne. Leo ya ngapi?"

"Ishirini na mbili," nikasema.

"Nani aliyesema arobaini?"

Dada aliniangalia. Alikuwa hajajua bado, ndiyo kwanza alikuwa anajua, na niliiona habari ile ikimfika usoni polepole.

"Mimi," nikasema. Na kwa sababu mimi ni mimi, hata pale sikuomba radhi kwanza, nilitetea hesabu. Nilimwambia daktari habari ya siku nane na nusu. Nilimwambia theluthi. Nilimwambia moja ya thelathini na mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitarajia.

"Hesabu yako ni sawa," akasema. "Kitabu chako kinasema dawa ikiwa imefungwa ndani ya chupa. Mama yako si chupa, binti yangu. Anakojoa. Anatoka jasho. Sehemu kubwa ya ile ambayo tezi haikuishika ilimtoka siku mbili tatu za mwanzo. Waliokadiria hizo kumi na nne wamelijua hilo."

Choo nilikichimba mwenyewe. Nilikuwa nimeona maji yale yakienda kule kila siku, nikayaogopa, na sikuwahi kuyatoa kwenye hesabu.

Njiani kurudi dada hakunisubiri. Alitembea mbele na mtoto kifuani, akitanua miguu kama mzazi mpya anavyotembea, na nilipotaka kumpokea mtoto apumzike, alisogea. Tulipokaribia nyumbani ndipo alisimama.

"Nilikuambia umwite," akasema. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Utamwambia wewe. Mimi sitamwambia."

Mama alikuwa kwenye kamba, akitusubiri. Nilimwambia nikiwa nimesimama upande wangu. Nilisema karatasi ilisema kumi na nne. Nilisema arobaini niliitunga. Nilisema siku ya kuzaa alikuwa huru kuingia, tangu siku mbili nyuma, na nilijua. Nilizungumza haraka. Dada alikuwa amekaa kizingitini, mtoto amemlaza mapajani.

Nilidhani mama ataruka kamba. Hakuiruka.

"Kwa hiyo ni salama?" akauliza.

"Daktari amesema ni salama."

"Daktari simwulizi. Nilimwona yule wa Nairobi, amenipa maji akajificha nyuma ya ukuta. Nakuuliza wewe uliyehesabu. Wewe bado unaogopa?"

Ningeweza kusema hapana. Ulikuwa uongo mdogo, wa huruma, na ungemaliza kila kitu. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo wangu wa huruma.

"Bado naogopa," nikasema.

Mama alitikisa kichwa. Alitazama mikono yake, akaigeuza, bado ilikuwa ikitetemeka, kisha akaifutia kwenye leso.

"Basi mlete hivyo hivyo ukiogopa," akasema. "Nikimchukua mwenyewe utakaa ukiniangalia kila siku kama mwizi. Mlete wewe."

Nilikwenda kizingitini. Dada hakunitazama, lakini safari hii alinipa mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko alivyozaliwa, na joto. Hatua hamsini na mbili. Nilijaribu kutohesabu nikahesabu. Kwenye ya thelathini nilikuwa tayari nimerudi kwenye kitabu: siku ishirini na mbili, kama mama angekuwa chupa, moja ya saba, mama si chupa, basi kidogo zaidi, kidogo sana, kiasi gani? Kwenye ya arobaini nilisimama. Sijui kwa muda gani. Mama hakuniita. Hakusema njoo, hakusema usiogope, alikaa tu amenyoosha mikono juu ya kamba. Nikaenda zile kumi na mbili zilizobaki nikamweka ndani ya mikono ile, na kwa muda mikono minne ilitetemeka chini ya mtoto mmoja.

"Kichwa hakishikwi hivi," akasema.

Alimgeuza, akamlaza kwenye mkono wa kushoto, tumbo kwa tumbo, akavuka kamba kama mtu anayevuka mfereji wa maji, akaenda moja kwa moja kizingitini. Aliketi nyuma ya dada, akambana kwa magoti, akalishika titi kwa vidole viwili na kulibana kama mtu anayetia tonge mdomoni. "Ngoja apanue mdomo. Ngoja. Bado. Sasa." Mtoto alikamata. Dada alitoa sauti ya maumivu, kisha akanyamaza, na tukasikia kitu ambacho hatukuwa tumekisikia siku sita zote: mtoto akimeza.

Nilibaki nimesimama kwenye kamba, upande wa kibanda, mahali alipokuwa mama.

"Na wewe," mama akasema bila kuinua kichwa, "hesabu hiyo nitakuja kukuuliza. Yote. Sasa nenda kachemshe maji, huyu hajaogeshwa sawasawa tangu azaliwe."

Nilienda kuwasha moto. Kuni zilikuwa mbichi, zikanitoa machozi ambayo sikuhitaji kuyaeleza kwa mtu. Nilikaa pale nikitayarisha jibu, kuanzia Malindi, neno kwa neno, ili atakaponiuliza nisikosee.